Vumbi Lisilopeperuka

3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na imeanza kwa fujo. Chumba chetu kinavuja sehemu mbili, juu ya kitanda na juu ya cherehani. Cherehani nimeisukuma ukutani, kitanda nimekitegea beseni, na Kiroboto nimemhamishia chumba cha pili, kwa bibi yake, mpaka mvua ziishe. Mtoto kafurahi utadhani kapewa nyumba. Hilo si jina lake, bila shaka. Baba yake ndiye aliyemwita Kiroboto, kwa sababu tangu ajue kusimama hajajifunza kutembea, anaruka tu. Ana miaka minne.

Baba yake ameondoka asubuhi na lori na hatarudi mpaka barabara zipitike. Ameniachia daftari hili. "Andika kila kitu," kaniambia. "Nikipiga simu unanijibu 'sisi wazima' basi, nami nakaa na 'sisi wazima' njia nzima." Haya, mume wangu, sisi wazima. Mama yako ameshanisema mara mbili tangu uondoke.

Nashukuru mvua imenikuta nimeshamaliza sare za watu.

6 Machi

Mvua. Nimeshona mifuko ya suruali kutwa. Hakuna la kuandika.

8 Machi

Niseme kidogo juu ya mama mkwe, maana ndiye ninayeshinda naye. Alikuwa mchambuzi wa mawe kwenye ule mgodi wa fedha na risasi, uliofungwa kabla sijaolewa. Nyumba hii ni kota ya wafanyakazi, vyumba viwili na jiko, ukuta mmoja na jirani. Mgodi ulipofungwa, waliokuwa ndani ya kota wakabaki nazo, na mama akabaki na yake na kuitunza kama mboni ya jicho. Sakafu yake unaweza kulia chakula. Kila Jumamosi hutoa godoro lake la sufi uani na kulichapa kwa fimbo mpaka mimi naliombea msamaha.

Leo mvua haikumpa nafasi ya kutoka, basi kalichapia chumbani, mlango na dirisha vimefungwa unyevu usiingie. Kiroboto alikuwa anashikilia upande wa pili, anapiga chafya na kucheka.

Nikamwambia, "Mama, si upumzike wiki hii?"

"Mvua inaosha barabara," akasema. "Godoro langu hailioshi."

13 Machi

Umeme umekatika, giza la mawingu limenishinda, nimeweka sindano chini. Mama alikuwa anamenya viazi na kumsimulia Kiroboto jinsi mgodi ulivyopatikana. Mimi nilijifanya sisikilizi.

Anasema alikuwepo mchimba visima mmoja, mtu wa hasira. Akachimba hapo penye mnara wa mgodi, akitafuta maji, akakutana na jiwe jeusi lenye kumetameta. Jembe likavunjika. Akachimba pembeni, jiwe hilohilo. Akalitukana jiwe na ukoo wake wote, akaenda zake. Watu wakayapenda yale mawe kwa sababu ni mazito, wakawa wanayapandisha juu ya mabati yasibebwe na upepo. Miaka na miaka fedha ya nchi hii ilikaa juu ya mabanda ya kuku. Kisha akapita muuza sufuria, akaomba jiwe moja la kuegeshea mzigo, na mwaka uliofuata akarudi na wenye mashine.

"Na yule mchimba visima akapewa nini?" nikauliza, nikasahau kwamba sisikilizi.

"Akapewa sururu. Akaambiwa aendelee kuchimba."

"Na maji?" Kiroboto akauliza.

"Maji waliyapata baadaye, mke mwenzangu, mpaka wakajuta."

Nimecheka sana. Mama akiamua kuwa mtamu hana mpinzani.

18 Machi

Kiroboto hataki kula. Anasema tumbo linauma. Nadhani ni maembe mabichi ya jirani.

22 Machi

Mvua. Mama kachapa godoro. Mtoto analia kwa vitu vidogo, amenitupia kikombe. Si tabia yake.

24 Machi

Zahanati. Choo hapati, uso umepauka, na jana nimegundua jambo lililonitia baridi: anatembea. Kutoka jikoni mpaka mlangoni ametembea hatua moja moja kama mtu mzima. Nesi alipomtazama na kusikia tunakaa kota za mgodini, alimwita daktari. Wamechukua damu, inapelekwa hospitali kubwa ya mjini kupimwa.

Yule nesi alimshika mtoto mkono muda wote sindano ilipokuwa ndani. Kuna watu wanazaliwa wakijua kushika mkono wa mtu, na nimemshukuru mpaka akaona haya.

2 Aprili

Ni risasi. Daktari amesema wazi, bila kuzungukazunguka. Madini ya mgodini yamo katika damu ya mwanangu, na kwa mtoto mdogo kitu hicho hula akili kimyakimya. Hukaa mwilini, na mtoto akiwa darasani herufi zinamkimbia, na hakuna ajuaye kwa nini. "Inatoka mahali," daktari akasema. "Kuna kitu anashika, au anakula, au anavuta. Kitafuteni mkiondoe. Tutampima tena baada ya mwezi. Ikipanda, itabidi aende hospitali kubwa akalazwe kwa dawa nzito, na kwenye nyumba hiyo hatarudi."

Nilirudi na mvua bila kufungua mwavuli, nilikuwa nimeusahau mkononi.

Sikuhitaji kutafuta mbali. Ukuta wetu ule mmoja tunachangia na Fundi Betri. Uani kwake kumejaa betri za magari, na redio yake haijui kunyamaza. Kila mtu anajua ndani ya betri kuna risasi. Nilipitiliza mlango wangu nikaenda kusimama uani kwake, mbele ya wateja, nikasema yote niliyokuwa nayo mdomoni. Nikamwita muuaji. Nikamwambia akusanye makopo yake aondoke.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema, "Shemeji, mimi betri sifungui. Nachaji tu na kuongeza maji. Zilizokufa zinachukuliwa nzima nzima." Akageuka kwa mteja. "Mtoto anaendeleaje?" akaniuliza bila kunitazama.

Nikaona hiyo ndiyo dharau kubwa kuliko zote.

5 Aprili

Bwana afya amekuja, kachukua maji ya bomba na udongo wa uani. Wakati anachota udongo, mama alikuwa ndani anachapa godoro, na bwana afya akaniambia, "Hongera, nyumba hii ina usafi." Nikasikia fahari.

8 Aprili

Maji hayana kitu. Udongo una kidogo, si wa kutisha. Uani kwa Fundi Betri vilevile. Bwana afya anasema jirani hana kosa. Nami nikasema moyoni kwamba bwana afya kahongwa. Nimemkataza Kiroboto kukanyaga nje. Anashinda chumbani kwa bibi yake, juu ya godoro, na wanasesere wa vitambaa niliomshonea.

10 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mama anamshughulisha mtoto kwa hadithi za mgodini, na namshukuru, maana mimi sina hadithi, nina hofu tu.

Leo alieleza meza ya kuchambulia. Mawe yanakuja mfululizo kwenye mkanda, wanawake huku na huku. Fedha yenyewe huioni, imejificha ndani ya risasi, na risasi imejificha ndani ya jiwe. Unajua kwa uzito. Unaokota, mkono unakuambia, unatupa kulia au kushoto kabla jicho halijafika. Ndiyo maana mama hawezi kushika kitunguu bila kukipima kiganjani kwanza. Nilikuwa nadhani anadharau manunuzi yangu.

"Tulikatazwa kuzungumza," akasema. "Msimamizi anapita na filimbi. Basi tukazungumza kwa macho. Mpaka habari za uchumba tulizimaliza kwa macho."

Kumbe ndiyo maana kila nikinuna ananiuliza kabla sijajua mwenyewe kama nimenuna.

12 Aprili

Mvua. Godoro. Mtoto amelala mchana kutwa.

17 Aprili

Mume wangu amepiga simu kutoka njiani. Nikamwambia ukweli. Akauliza kama mtoto anakula. Kisha akasema, "Fanya mama atakavyosema, yeye anaujua mgodi." Nikaudhika. Mgodi umefungwa, nani anaujua sasa?

22 Aprili

Fundi Betri amepanda juu ya bati letu bila kuombwa. Nilisikia mtu anakanyaga, nikatoka na fimbo ya godoro, nikamkuta na kopo la lami anaziba matundu mvua ilipopumzika. "Nilikuwa nazibia la kwangu," akasema, "lami ikabaki." Lami haikubaki, lilikuwa kopo zima. Nilimwambia asante kwa sauti ambayo sidhani ilifika juu.

Jioni mama akamsimulia Kiroboto juu ya babu yake. Mawe yakishasagwa kuwa unga, yanachanganywa na maji na dawa, povu linapanda na madini juu yake. Povu hilo linaingizwa kwenye mtambo wenye vitambaa vizito vilivyotandazwa kama kurasa. Mtambo unabana, maji yanatoka, na juu ya kitambaa inabaki keki ya kijivu, ndiyo risasi na fedha yake. Baba mkwe alikuwa bingwa wa mtambo huo. Alikuwa akirudi kijivu mpaka kope, na mama hakumruhusu kukaa kitako kabla hajaoga.

"Kisha maji yakaingia chini," akasema, "pampu zikashindwa, na bei ya fedha huko nje nayo ikaanguka. Wakubwa wakatukusanya langoni, wakatushukuru. Asante yenyewe ilikuwa fupi hata mwenye kohozi hakupata muda wa kulitoa."

Baba mkwe aliishi miaka michache tu baada ya hapo. Figo.

Bati halivuji tena. Nilitaka nimrudishe mtoto chumbani kwangu lakini alilia akimtaka bibi yake, nikamwacha.

28 Aprili

Wamechukua damu tena. Tunangoja.

3 Mei

Mvua. Mama kachapa godoro kwa nguvu zaidi ya siku zote. Nadhani naye anaogopa, na mikono yake ndiyo inayosema.

6 Mei

Imepanda.

Tulimfungia ndani, tumemnawisha mikono mpaka ngozi ikachubuka, tumemnyima jua, na imepanda. Daktari mwenyewe alikuna kichwa. Amesema barua ya hospitali kubwa ataiandika wiki ijayo, labda tupate kitu kabla ya hapo. "Kipo ndani ya nyumba," akasema. "Kama angekuwa anakipata nje, ingeshuka."

Kiroboto kaniuliza njiani, "Mama, nikienda hospitali bibi atalala na nani?"

9 Mei

Nimeandika sentensi ya kwanza na kuikata mara kadhaa. Wacha nianze na kitambaa.

Jana mama aliniletea godoro lake. Kwa kuchapwa, mshono wa pembeni ulikuwa umefumuka na sufi inachungulia. "Fundi," akasema, akiwa na maana ya kunitania, "leo nikupe kazi ya watu wazima." Nililiweka mezani leo asubuhi, juu ya gauni jeupe la mteja lililokuwa limetandazwa. Nikapitisha sindano nene. Kitambaa kilikuwa kigumu na kizito ajabu, kimefumwa karibu karibu, sijawahi kukutana nacho dukani. Nilipomaliza upande mmoja nikaona kwenye gauni jeupe kuna mstari wa kijivu.

Nikaupuliza. Vumbi la nyumbani ukilipuliza linapeperuka. Hili halikupeperuka. Lilisogea kidogo likatulia palepale, likang'aa. Nikaligusa, likaacha kidole changu kijivu na kuteleza, kama nimeshika ncha ya penseli. Nikafumua mshono upande wa ndani. Kwenye pindo, lilikuwa limejaa.

Nikamwita mama nikamuuliza kitambaa hiki alikinunua wapi.

Uso wake ukachangamka! Akasema hakikununuliwa. Vilikuwa vile vitambaa vya mtambo wa kuchuja. Vikichakaa, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua, na hakuna kitambaa duniani chenye nguvu kama kile. Mume wake alimletea viwili kabla ya ndoa yao. Wakavisuuza tu kwa maji, maana ukivichemsha vinalegea. Akakata yeye, wakashona pamoja, na godoro hilo ndilo walilolalia tangu siku ya kwanza. "Mume wangu mzazi wa mumeo alizaliwa juu..." alianza, akakosea, akacheka. "Mumeo alizaliwa juu ya hili."

Nami nilikuwa nimeshika kidole changu cha kijivu nyuma ya mgongo.

Ningeweza kusema limepata kunguni. Ningeweza kusema limeoza. Lakini mtu aliyezungumza kwa macho ujana wake wote humdanganyi. Nikamwonyesha kidole. Nikamwonyesha gauni. Nikasema, "Mama, ndiyo hii. Kila Jumamosi tunaitoa kwa fimbo, mlango umefungwa, na mtoto anaivuta."

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na nisingependa kuiona tena sura ile.

"Unaniambia mume wangu, yuko kaburini, ndiye anamlisha mjukuu wake sumu?"

"Hapana, mama. Hakujua."

"Kakaa kwenye mtambo ule maisha yake yote, asijue?"

"Mama..."

"Nililitunza!" akapaza sauti. "Kila wiki! Hakuna godoro safi kama hili katika kota hizi!"

Akalibeba peke yake, sijui nguvu alizitoa wapi. Akamshika Kiroboto mkono, wakaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo.

Nikabaki nje, na mtoto wangu na lile godoro ndani. Nikagonga. Nikaita kwa adabu, kisha bila adabu. Nikagonga kwa ngumi zote mbili. Kiroboto akaanza kulia upande wa pili. Nikasema, "Mama, nipe mtoto. Mengine yote nichukie kesho. Nipe mtoto." Sikusikia fimbo, sikusikia neno. Nilikuwa natazama huku na huku kutafuta cha kuvunjia komeo pale lilipofunguka. Mkono wake ukamsukuma Kiroboto nje taratibu, mlango ukafungwa tena.

Nimemwogesha mtoto kichwa mpaka mguu, nikamvika fulana ya baba yake. Amelala kwangu.

10 Mei

Leo Jumamosi. Mvua. Siku ya kuchapa godoro, na chumbani kwa mama kimya. Nimemwekea uji mlangoni, nikaukuta umepoa vilevile. Nimemwekea chai. Nimekaa karibu na mlango nikishona vifungo, asikie tu kwamba kuna mtu.

11 Mei

Ametoka asubuhi. Amevaa buti zake za mpira za zamani. Godoro amelifunga kwa maturubai na kamba, pande zote, akaliegesha kwenye kona ya uani chini ya bati. Hakunisalimia.

"Mwenye nyumba ya kona ana wajukuu," akasema. "Muuza mboga ana mapacha. Binti wa dereva ana kichanga. Wote nimewakatia mimi."

Sikumwelewa. Akanieleza huku anatazama nje. Yeye ndiye alikuwa mkataji. Wanaume walileta vitambaa, wanawake wa kota walimletea yeye, naye akakata magodoro, mapazia, mifuko ya shule, bila malipo, kwa sababu alikuwa na mkono. "Kota zote hizi zinalala kwenye mkato wangu," akasema.

"Utawaambia nini?"

"Ulichoniambia wewe. Ila kwa adabu zaidi ya ulivyoniambia."

Nikachukua mwavuli nikamfuata. Sikuwahi kumwona mtu akifanya jambo gumu vile. Kila mlango alisimama, akatoa pole, akasema, "Lile godoro nililokukatia lina sumu ya mgodini. Nilikosea. Usilichape, usilichome moto, lifunge, na mpeleke mtoto apimwe." Hakumtaja mume wake, hakusema hatukujua. Mmoja alimcheka. Mmoja akafunga mlango tukiwa bado tunazungumza, kisha akaufungua akauliza, "Na pazia?" Muuza mboga alikaa chini palepale akawakumbatia mapacha wake. Nyumba ya kona walituambia maneno makali na mama akayapokea yote, akaagana nao vizuri, tukaenda mlango wa pili.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Fundi Betri. Mama akasimama. "Hii ni yako," akaniambia. "Mke wake alirithi kwa mama yake. Nililikata mimi, lakini mdomo ulikuwa wako."

Nikaingia uani kwake mara ya pili msimu huu. Nilimwambia yote, na mwisho nikamwambia nilimkosea mbele za watu na niko tayari kusema mbele za watu. Alizima redio.

"Mara hii umekuja bila kelele, shemeji," akasema, "nikajua ni jambo zito." Kisha akaenda ndani, akatoka na godoro mgongoni, mke wake nyuma yake na kichanga begani. Walikuwa wamemlaza juu yake tangu kuzaliwa.

14 Mei

Daktari amekubali kungoja kabla ya kuandika ile barua. Bwana afya amekuja na kipimo, akakisogeza kwenye pindo la godoro, akatazama namba, akatazama mama, akavua kofia. Kazi yetu sasa ni kufuta sakafu na kuta kwa kitambaa kibichi, kila siku, bila kufagia vumbi kavu. Mama anafuta. Mimi nafuta. Ikifika mahali hatufikii, Fundi Betri anapanda kwenye kiti.

20 Mei

Lori la taka la mji limezunguka kota zote. Magodoro, mapazia, mifuko, hata zulia moja. Wanayapeleka kuyafukia kwenye shimo la zamani la mgodi na kulifunika kwa saruji. Mama alisimama barabarani mpaka la kwake likapakiwa. Nilidhani atalia. Akamwambia kijana wa lori, "Shika vizuri, lina pembe iliyofumuka."

27 Mei

Mvua inapungua. Kiroboto kaomba kuongezewa chakula. Nimemwongezea mara mbili, nikaingia jikoni nikalia kidogo.

4 Juni

Wamechukua damu ya watoto wote wa kota, na nesi akamlazimisha mama naye atoe. "Ya nini na uzee huu," alisema, lakini akanyoosha mkono.

Nimemshonea godoro jipya, kitambaa cha dukani, sufi mpya. Analalamika kwamba ni laini mno, linambembeleza kama mgonjwa. Nashukuru kwamba ameanza kulalamika.

11 Juni

Jua kutwa. Kazi nyingi. Sina la kuandika na sijawahi kufurahia hivyo kukosa la kuandika.

19 Juni

Tumekwenda zahanati wote watatu. Benchi lilijaa akina mama wa kota na watoto wao. Nilimshika mama kiwiko, maana sikujua watampokeaje. Yule wa nyumba ya kona, aliyetusema sana, akasogea akampa nafasi. Akapangusa benchi kwa kanga yake. Mama akakaa.

Daktari akatuita. "Imeshuka," akasema. "Imeshuka vizuri sana. Hospitali kubwa hatuendi." Nikaomba aseme tena, akasema tena. Bado ataendelea kupimwa, bado tufute sakafu, tumpe mboga za majani na maziwa. Lakini anabaki nyumbani. Nilisema asante kwa daktari, kwa nesi, kwa meza, sijui kwa vitu gani vingine. Pacha mmoja wa muuza mboga anayo pia, na kichanga cha Fundi Betri anayo kidogo, lakini wote wamewahiwa.

Kisha daktari akavuta pumzi akamgeukia mama. "Mama, yako iko juu. Kuliko ya mtoto. Na kwako imeshaingia kwenye mifupa tangu enzi za mgodi, haitatoka yote. Tutakuwa tunaangalia figo mara kwa mara. Pole sana."

Mama alikuwa anamfunga Kiroboto kamba za viatu. Alimaliza kwanza.

"Yangu iacheni," akasema. "Mimi nililipwa mshahara. Huyu alilipwa nini?"

Daktari akaweka kalamu chini. Nesi akaja akamshika mama mkono.

Tulipotoka njia ilikuwa bado na utelezi, nikamshika mama mkono, mtoto katangulia mbele. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, tangu meza ya kuchambulia mpaka mlango wa mwisho wa kota. Likatoka moja tu.

"Mama, asante."

"Ya nini?"

"Ya kufungua mlango siku ile."

Akanitazama kwa yale macho yake, muda mrefu, nikajua ameyasoma na yale ambayo sikuyasema.

"Nilifungua ili usinivunjie," akasema, na hakuuachia mkono wangu mpaka nyumbani.